Tupime maji, vyoo na usafi ku shule na ku kituo cha afya chetu



Munakumbuka miaka ile ya 2018 na 2019. Ku Butembo, ku Katwa, ku Beni, ku Mangina, karibu kila mulango wa duka, wa kanisa ao wa shule ulikuwa na bidoni ya kunawia mikono. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Katikati ya tarehe hizo mbili watu 3,470 waligonjwa, na 2,287 kati yao wakakufa. Wengine waliambukizwa nyumbani na ku mazishi. Lakini wengine waliambukizwa ndani ya vituo vya afya, kule walienda kutafuta uzima juu ya malaria, juu ya mutoto mwenye homa, ao juu ya kuzaa. Nao waganga wenyewe waliambukizwa. Kisha ugonjwa ulirudi tena: mwezi wa 2, 2021 upande wa Butembo, na mwezi wa 10 wa mwaka uleule ku Beni.

Leo pitia ku zile bidoni. Utakuta moja iko na robine yenye kuvunjika. Ingine iko kavu, buibui imejenga ndani. Ingine mutu aliipeleka nyumbani. Kama mutu anatuuliza, “Kunawa mikono kuko ku shule yenu?” tunajibu mbio, “Ndiyo, walituletea bidoni.” Hilo jibu ni la kweli kwa mwaka 2019, lakini si la kweli kwa leo asubuhi.

Somo letu ni hili: namna gani ushirika wa wakulima unaweza kupima maji, vyoo na usafi wa shule na kituo cha afya cha pale pale, bila kungojea gari ya mugeni.

Sababu gani jambo hili liko katika gazeti la wakulima?

Sababu ni tatu.

Ya kwanza, watoto wenye kuwa mule ni wetu, na mama wenye kuzaa mule ni wake zetu, dada zetu na mabinti zetu.

Ya pili ni mikono ya kazi. Mutoto akishikwa na kuhara wakati wa kupalilia maharagi, mama yake anabaki nyumbani ao anabaki ku kituo siku tatu, ine. Majani hayamungojee. Franka ya kununua mbegu inageuka franka ya dawa. Kila mulimaji anajua hesabu hiyo hata kama hakuiandika.

Ya tatu ndiyo ngumu kusema, lakini tutaisema: kazi zetu wenyewe zinaweza kuchafua maji ambayo watoto wetu wanakunywa. Kahawa tunayoosha, dawa tunayopulizia viazi na kabichi, ngombe na mbuzi tunazochunga juu ya chemchemi, vyote vinashuka na mulima. Tutarudi ku jambo hilo.

Kupima maana yake nini?

Kupima si kutafuta mukosefu. Kupima ni kuhesabu, kuona kwa macho na kuuliza, kisha kuandika. Sheria ni moja tu: andika kile unachoona leo, usiandike kile kilichojengwa zamani. Choo chenye kufungwa na kufuli ambayo funguo imepotea si choo. Kisima chenye pompe ya kufa si maji.

Shirika la afya la dunia, OMS, na UNICEF wanatumia ngazi yenye vidaraja vitatu vya kwanza. Nasi tutaitumia, kwa sababu ni nyepesi:

1. Huduma ya musingi iko: kitu kipo, ni kizuri, na kinatumika leo.
2. Huduma ni pungufu: kitu kipo, lakini leo hakitumiki ao sehemu yake moja imekosekana.
3. Huduma hakuna.

Kwa mufano, bidoni ya kunawia yenye maji lakini haina sabuni ni pungufu. Bidoni yenye maji na sabuni ni musingi. Bidoni kavu iko sawa na hakuna.

Kabla ya kuondoka

Ombeni ruhusa. Direkta wa shule na muganga mukubwa wa kituo (IT) ni wenye nyumba. Waelezeni kwamba munakuja kusaidia, si kuwashitaki. Komite ya wazazi (COPA) iwe pamoja nanyi ku shule. Ku kituo, CODESA na RECO wawe pamoja nanyi. Mukienda pasipo hao, karatasi yenu itabaki karatasi tu.

Kikundi kiwe cha watu watano hivi. Mama moja ao wawili wawemo, kwa sababu kuko maswali ambayo musichana hatamujibu mwanaume. Fundi wa kujenga awemo, na kijana mwenye kuandika vizuri.

Vyombo: daftari na kalamu, bidoni ya litre 20, simu ao saa ya kuhesabu segonde, na kamba ya metre 30 yenye fundo kwa kila metre.

Wakati: nendeni ku shule saa ya mapumziko, wakati watoto wote wanakimbilia choo. Na murudie mara ya pili wakati wa jua, mwezi wa 1 na wa 2, ao mwezi wa 6 na wa 7. Chemchemi ya mwezi wa 11 inaweza kuwadanganya.

Fungu la kwanza: maji ya shule

Ulizeni: maji yanatoka wapi? Ni chemchemi yenye kujengwa, robine, maji ya mvua, ao muto? Maji ya muto na ya chemchemi yenye kuachwa wazi hayahesabiwe kuwa mazuri, hata kama ni meupe kama glasi. Maji meupe si maji safi. Vijidudu vya tifoide na vya kipindupindu havionekane kwa macho.

Kisha pimeni. Shule ya muchana inahitaji litre 5 kwa kila mutu kwa siku: kwa kunywa, kunawa na kusafisha.

Tuseme shule iko na watoto 480 na walimu 12. Hao ni watu 492. Mara litre 5, ni litre 2,460 kwa siku, maana yake bidoni 123 za litre 20. Mukisikia hesabu hiyo, musiogope. Endeleeni.

Wekeni bidoni chini ya bomba la chemchemi na muhesabu segonde. Kama inajaa kwa segonde 40, chemchemi inatoa litre 30 kwa dakika moja. Zile litre 2,460 zinapatikana kwa dakika 82. Basi chemchemi haina kosa. Shida ni njia ya kuzipandisha mpaka ku shule. Lakini kama wakati wa jua bidoni inajaa kwa dakika 4, chemchemi inatoa litre 300 kwa saa moja, na munahitaji zaidi ya saa 8. Hapo shida ni chemchemi yenyewe. Munaona? Dakika chache za kupima zinaonyesha dawa ni gani: bomba na tanki, ao kulinda chemchemi na kutafuta ya pili.

Musisahau paa. Milimetre 1 ya mvua juu ya metre 1 ya mraba inatoa litre 1. Jengo la madarasa matatu lenye metre 24 kwa 7 liko na metre za mraba 168. Mvua moja nzuri ya milimetre 20 inaangusha litre 3,360. Hata kama sehemu moja kati ya tano inapotea, munabaki na litre 2,688. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya shule yote, na tunaiachia ichimbe makorongo mu kiwanja! Maji ya paa ni mazuri kwa kunawa na kuosha vyoo. Kwa kunywa, yachemshwe ao yatiwe dawa ya klore kwanza.

Ulizeni pia: nani anachota? Kama ni wasichana tu wanaotumwa, na somo la hesabu linaendelea bila wao, andikeni. Nayo ni sehemu ya kipimo.

Fungu la pili: vyoo vya shule

Hesabuni milango, kisha ondoeni ile isiyotumika. Angalieni: sakafu ni imara? Shimo limejaa? Mulango unafungwa kwa ndani? Kuko mavi ku sakafu? Mutoto mudogo wa darasa la kwanza anaogopa kuangukia ndani?

Kipimo cha OMS ni choo kimoja kwa wasichana 25, na choo kimoja kwa wavulana 50 pamoja na mahali pao pa kukojolea. Vyoo vya wasichana na vya wavulana vitengane. Walimu wawe na vyao.

Turudi ku shule yetu ya mufano: wasichana 250 na wavulana 230. Wasichana wanahitaji milango 10, wavulana milango 5. Tuseme tunakuta milango 6: miwili imeanguka, mumoja ni wa walimu. Watoto 480 wanabaki na milango 3. Ni watoto 160 kwa mulango mumoja. Mapumziko ya dakika 20 hayatoshe. Basi watoto wanaenda wapi? Wanaenda mu mihogo ya jirani na nyuma ya mikalitusi. Mwenye shamba anajua.

Tangu elimu ya musingi ya bure ilipoanza mwezi wa 9, 2019, madarasa mengi yalijaa watoto. Ilikuwa furaha. Lakini vyoo havikuongezeka pamoja nao. Na pale shule inapopokea familia zenye kukimbia vita, mashimo yanajaa mbio zaidi. Andikeni hilo pia, bila kuwalaumu wakimbizi. Wao hawakuchagua kulala mu darasa.

Mama wa kikundi wabaki peke yao na wasichana wakubwa. Waulize polepole: siku za mwezi wako, unafanya namna gani hapa? Kuko maji ndani ya choo? Kuko mahali pa kutupa kitambaa? Mulango unafungwa? Musichana akisema, “Ile siku minabakiaka nyumbani,” ameisha kujibu maswali yote. Musiandike jina lake.

Mwisho, chukueni kamba. Shimo la choo liwe mbali na chemchemi ao kisima kwa metre 30 angalau, na lisiwe juu yake mu mulima. Chini ya shimo pabaki metre 1 na nusu mbele ya kufikia maji ya udongo. Fundi atawaambia kama wakati wa mvua shimo linajaa maji kutoka chini. Kama ni hivyo, shimo linakutana na maji.

Fungu la tatu: mikono

Hapa kipimo ni chepesi: maji na sabuni, pamoja, karibu na choo, leo. Basi. Hata majivu safi ni bora kuliko kutonawa, lakini ku ngazi yetu kidaraja cha musingi kinaomba sabuni.

Simameni mbali kidogo na choo wakati wa mapumziko. Hesabuni watoto 20 wenye kutoka. Wangapi wamenawa? Watoto wakijua munawaangalia, wote watanawa, basi musijionyeshe. Hesabu hiyo ndiyo itawaambia kama mafundisho yameingia ao yamebaki ku ukuta pamoja na mapicha.

Kama shule haina kitu, kibidoni cha litre 5 chenye kutobolewa, kamba mbili, muti wa kukanyaga kwa muguu na sabuni yenye kufungwa mu wavu vinatosha. Watoto wa darasa la sita wanakijenga kwa saa moja. Ugumu si kujenga. Ugumu ni kujua nani anajaza maji kila asubuhi na sabuni inatoka wapi mwezi wa tatu. Andikeni jina la kazi, si “tutaona.”

Fungu la ine: kituo cha afya

Ku kituo, maji yanapaswa kufika ndani ya kiwanja. Hesabu ya OMS ni hii: litre 5 kwa mugonjwa mwenye kuja kupimwa na kurudi, litre 40 mpaka 60 kwa mugonjwa mwenye kulala, na litre 100 kwa kila kuzalisha.

Kituo kidogo chenye wagonjwa 30 wa kupimwa, wagonjwa 6 wa kulala na mama moja wa kuzaa kinahitaji 150 na 240 na 100. Ni litre 490 kwa siku kwa uchache, bidoni 25 hivi.

Ulizeni: nani anabeba hizo bidoni 25? Kama jibu ni “mulinzi wa mugonjwa,” muulize tena: na mama mwenye kuja peke yake saa nane ya usiku? Ku sehemu nyingi za kwetu familia inaambiwa ije na bidoni yake wakati wa kuzaa. Tunazoea. Lakini muganga mwenye kuzalisha bila maji ya kutosha anatoka ku mama moja kwenda ku mama mwingine na mikono ileile. Hapo ndipo tulipoteza watu, ndugu. Hatukufundishwa na kitabu.

Angalieni mambo haya matano:

- Mikono: maji na sabuni, ao dawa ya pombe ya mikono, viko pale pale ambapo muganga anagusa mugonjwa, na vilevile karibu na vyoo, si mbali zaidi ya metre 5?
- Vyoo: kiko kimoja cha wafanyakazi, kimoja cha wanawake chenye maji na chombo cha takataka, na kimoja ambacho mutu mwenye fimbo ao mama mwenye mimba kubwa anaweza kutumia bila kupanda ngazi?
- Takataka: zinatenganishwa mu vyombo vitatu, vya sindano, vya vitu vyenye damu, na vya takataka za kawaida? Sindano ziko mu sanduku gumu? Shimo la kuchomea na shimo la kondo la mama viko na uzio? Kama mbuzi anaingia, mutoto pia anaingia.
- Usafi: nani anasafisha, alifundishwa na nani, iko orodha yenye kuandikwa? Maji ya klore yanatengenezwa kila siku? Ya mikono ni 0.05%, ya sakafu na vitanda ni 0.5%, mara kumi zaidi. Ndoo ziandikwe wazi, kwa sababu kuzibadilisha ni hatari. Kuchanganya ni kazi ya muganga, si ya mugeni.
- Maji ya kunywa ya wagonjwa: yako na mufuniko na robine, ao kila mutu anatia kopo ndani?

Kama zone ya afya iko na chombo cha kupima klore mu maji ya robine ao ya tanki, ombeni msimamizi wa maji na usafi wa bureau ya zone aje nacho. Klore yenye kubaki inapaswa kuwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa litre.

Fungu la tano: sisi wenyewe

Sasa tupande juu ya chemchemi.

Andikeni kila kitu munachokuta pale juu: shamba la viazi lenye kupuliziwa dawa, mahali pa kuoshea pompe, kibanda cha ngombe, mbolea mbichi, choo cha nyumba, na kituo cha kuoshea kahawa.

Maji yenye kutoka ku kuosha kahawa iko na sukari na asidi ya matunda. Yakiingia mu kijito, vijidudu vinakula ile sukari na vinamaliza hewa ya maji. Kijito kinanuka, kinageuka cheusi, vitu vyenye kuishi ndani vinakufa. Mutu hawezi kuyanywa, na mutoto mwenye kuoga ndani anajikuna. Yote hiyo kwa sababu ya kahawa nzuri ambayo tunasifiwa nayo mbali.

Wakati wa kuandika hapo, kutakuwa ubishi. Mumoja atasema, “Tukiandika ile, wanunuzi wa kahawa watatukimbia.” Mwingine atasema, “Lakini mutoto wangu ndiye anakunywa ile maji.” Wote wawili wanasema kweli. Jibu letu ni hili: wanunuzi wengi, zaidi wale wenye kuomba cheti, wanauliza maji machafu yanaenda wapi. Ushirika wenye kuandika kosa lake pamoja na tarehe ya kulitengeneza unasimama vizuri kuliko ule wenye kuficha. Na kazi ya kutengeneza iko ndani ya uwezo wetu: maji ya kumenya yazunguke yatumiwe tena mbele ya kutupwa, yachimbiwe mashimo ya kunywea udongo, chini na mbali ya chemchemi, maganda yarundikwe mu komposti na yarudi ku shina la kahawa. Maganda hayo ni mbolea. Tukiyatupa mu kijito, tunatupa mali.

Dawa ya mimea: pompe isioshwe mu chemchemi wala mu kijito hata siku moja. Maji ya kusuuza yarudishwe mu shamba lenye kupuliziwa. Chupa tupu isigeuke kopo la shule.

Kuko jambo lingine zito: ile kipande cha udongo juu ya chemchemi iko na mwenyewe. Tukimuambia asilime pale, asichunge, aondoe mikalitusi yenye kunywa maji mengi, tunamuomba apoteze maharagi ya watoto wake kwa faida ya watoto wa wote. Si haki kumuambia tu “ni kwa heri ya kijiji.” Muketi naye, pamoja na chef wa eneo na wazee. Ushirika unaweza kumupa miche ya kahawa ya kupanda chini kidogo, majani ya kukata kwa mifugo yake kutoka ndani ya uzio, ao kipande kingine. Mupatano uandikwe, usainiwe, kila mumoja abaki na kopi. Chemchemi nyingi zinaharibika bila udongo kuwa na kosa: maneno yalibaki ya mudomo tu, na mwenye shamba akakufa, watoto wake wakaja na jembe.

Fungu la sita: karatasi igeuke kazi

Mukirudi, gawanyeni mambo mu mafungu matatu.

La kwanza, mambo ya mikono yetu, ndani ya mwezi mumoja: kufuli za milango, kibidoni cha muguu, uzio wa shimo la takataka, mufereji wa kuondoa maji juu ya chemchemi, salongo ya kusafisha.

La pili, mambo ya franka yetu, ndani ya mwaka mumoja: tanki na mifereji ya paa, milango miwili ya vyoo, mashimo ya maji ya kahawa. Mukutano mukuu uamue kiasi gani kitoke ku kila kilo ya kahawa ao ku kila gunia. Kidogo chenye kutoka kila musimu ni bora kuliko kikubwa chenye kungojewa. Tena robine itavunjika. Basi franka ya matengenezo itengwe tangu siku ya kwanza, na daftari yake isomwe mbele ya watu.

La tatu, mambo yenye kutupita: bomba la kilometre nyingi, vyoo 10, mahali pa kuchomea takataka. Hayo tunayapeleka kwa barua, pamoja na hesabu zetu, ku bureau ya zone ya afya, ku wakubwa wa elimu, na ku eneo. Kongo iko na sheria ya maji tangu tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, na hizo ofisi ziko na kazi yao. Barua yenye kusema “tunateseka” inalala mu kasha. Barua yenye kusema “watoto 160 kwa choo kimoja, chemchemi litre 300 kwa saa mwezi wa 2, ushirika umeisha kuchimba mufereji na kutoa mawe na muchanga” inasomwa. Mwenye kusaidia anapenda kukuta mikono imeisha kuanza.

Kisha, bandikeni kopi moja ku mulango wa shule na moja ku kituo. Direkta na IT waisome kwanza, mbele ya watu wengine. Musiwashitukize. Mara nyingi wao ndio waliomba musaada miaka mingi na hakuna mutu aliwasikia.

Mupime tena kisha miezi sita, na watu walewale, na bidoni ileile.

Maswali ya kuzungumuza mu mukutano

1. Bidoni ya kunawia ya shule yetu iko na maji na sabuni leo? Nani aliiona kwa macho yake wiki hii?
2. Watoto wetu wako wangapi kwa mulango mumoja wa choo?
3. Mama mwenye kuzaa usiku ku kituo chetu anapata maji wapi?
4. Nini iko juu ya chemchemi yetu? Ni ya nani? Tumeisha kuzungumuza naye?
5. Maji ya kahawa yetu yanaenda wapi? Twende tuyafuate kwa miguu mpaka mwisho.
6. Ni jambo gani moja ambalo tunaweza kumaliza mbele ya mukutano ujao, na nani atalisimamia?

Swali la tano musilijibu mukiketi. Simameni, muvae buti, mushuke na kijito.

Sisi wakulima tunajua kupima. Tunapima mbegu, tunapima shamba kwa hatua, tunapima kahawa ku kilo, na mupimaji akituibia gramu kumi tunapiga kelele. Basi tupime na maji ya watoto wetu kwa ukali uleule. Kazi njema, ndugu.